Jiwe la Kupimia Mizani

Nesi alisoma mizani, akaniangalia miguu, akasema, "Mama, uzito umepanda haraka mno. Sijaupenda."

"Hukuambiwa uupende," nikamjibu. "Usome tu." Mimba ilikuwa ya miezi saba, na mdomo wangu hata siku njema hauna breki.

Kilichonichoma ni lile neno. Wifi yangu, binti pekee wa mama mkwe, alifia kwenye mimba. Siku chache kabla, jirani yetu mmoja mjane alimwambia kisimani, "Wee, umenenepa!" Wifi akaanguka, akatupa mikono na miguu, akafa na mtoto tumboni. Watu wakasema ni jicho la yule mjane. Mama mkwe hakumwamkia tena, na ni nyumba ya pili tu! Mimi nami nikimwona anakuja, nafunika tumbo kwa kanga.

Sasa huyu nesi naye ananisema uzito, halafu anataka niende hospitali Bariadi. Kufanya nini kama si kupasuliwa? Nilirudi nyumbani nimefura, nikamweleza mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa akinilisha michembe ya viazi na maziwa mpaka nasema basi, na kwa wenzake alijisifu kwamba nimenona.

Akaguna. "Una hakika na hiyo mizani?"

Sisi ni watu wa pamba, mizani hatuiamini. Mama mkwe ana jiwe lake la kilo kumi, na kila msimu analibeba mpaka kwa mnunuzi. Jiwe lisiposoma kumi, pamba yetu haishuki kwenye mkokoteni.

Asubuhi alilitia kwenye kikapu, tukaenda nalo zahanati. Wajawazito kwenye benchi walicheka mpaka machozi. "Mayu, mama yetu, umeleta pamba?" Yeye hakucheka. Alilitua jiwe juu ya mizani, akainama kusoma. Kumi. Akalitoa, akalirudisha. Kumi tena.

Nesi hakukasirika. Alinikalisha, akanipima presha, kisha akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu wangu. Alipokitoa, shimo lilibaki.

"Mayu, hii si nyama, ni maji," alimwambia mama mkwe. "Na presha iko juu. Tukichelewa atapata kifafa cha mimba. Tunaweza kumpoteza yeye na mtoto."

Mama mkwe maji anayajua. Kila msimu hakosekani mjanja wa kulowesha pamba ili gunia lipande kilo. Alibonyeza mguu wangu na yeye, likabaki shimo la pili. Akakaa sakafuni pale pale.

"Mwanangu naye alikuwa hivi," alisema. "Viatu vilikuwa havimwingii. Na mimi nikafurahi kwamba amenona."

Niliogopa jamani, mdomo wote ukaniisha. Siku ile ile nikapelekwa hospitali, na nikapasuliwa kweli. Mtoto wa kike alitoka mdogo, lakini analia. Tulikaa huko mpaka akapata mwili.

Tulirudi nyumbani asubuhi. Mama mkwe hakuingia ndani. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akaelekea nyumba ya pili. Nilimfuata roho juu. Sikufichi, mimi bado nilikuwa simwamini yule mjane, na njiani nilivuta kitenge nikamfunika mtoto uso.

Mjane alikuwa anapepeta mahindi. Alipotuona aliweka ungo chini, akarudi nyuma hatua, akidhani tumekuja kumtukana. Mama mkwe akapiga goti kwenye makapi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia.

 Mjane alimtazama yeye, akanitazama mimi. Mama mkwe akafunua kitenge nilichokifunika, akamnyooshea mtoto huku machozi yanamtiririka.

"Mshike," alisema. "Mwambie amenenepa."

Mjane akaificha mikono yake nyuma.