Kipande cha Leso Kwenye Landrova ya Idara

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Usafirishaji hakuniuliza leseni. Aliniambia nivue viatu, niingie kwenye tope nyuma ya karakana, nifunge magurudumu ya mbele ya landrova. Ninyi vijana mnabonyeza kitufe mkiwa mmekaa. Sisi tulikuwa na kifungio katikati ya kila gurudumu la mbele. Unakizungusha kwa mkono, unapanda, unakandamiza kigingi cha njano kando ya gia, ndipo magurudumu yote manne yanavuta. Ukirudi kwenye lami ukasahau kufungua, usukani unakuwa mzito na matairi yanaliwa.

Mkuu alikuwa na dawa ya usahaulifu. Kila akifunga magurudumu, alifunga pia kipande cha leso kuukuu ya mkewe kwenye kigingi kile. Ukikiona, jua hujafungua. Karakana nzima ilimcheka. Mimi peke yangu nilimuiga.

Zilikuwa enzi za wanajeshi. Asubuhi moja Mkuu aliondoka na landrova kwenda Nateete, akasema atarudi kabla ya chakula cha mchana. Hakurudi. Wengine walisema kakimbia, wengine kachukuliwa, na waliosema sana wakanyamaza ghafla. Mtu mwingine alikalia kiti chake bila sisi kuelezwa lolote.

Miezi ikapita. Kapteni mmoja akaleta landrova ya kuiuzia idara, na Mkuu mpya akaniagiza niijaribu. Rangi mbichi, namba ngeni. Lakini nilipokanyaga klachi mguu wangu uliijua. Tukiteremka kwa lami kilima cha Kibuli, Kapteni ubavuni mwangu, usukani ulikuwa mzito. Nikatazama chini. Kipande cha leso kilikuwa pale, kimeganda tope.

"Wewe dereva," Kapteni akasema, "hii gari iko muzuri ama iko mubaya?"

"Iko muzuri, afande."

Idara ikanunua gari lake lenyewe, na mimi nikakabidhiwa nilioshe.  Fundo lile lilikuwa la Mkuu aliyepotea, basi aliingia topeni akiwa hai, mikono yake huru. Alikuwa anakimbilia mpakani? Au alikuwa anawaendesha waliomchukua? Kila jibu nililolishika lilinitoroka. Fundo lilikuwa gumu, nikakata leso kwa wembe kando yake, nikaenda nyumbani kwake Nateete.

Mkewe, Hajati, alikitambua kipande kile kabla sijafungua kiganja. Nikamweleza yote. Akauliza jambo ambalo masheikh wenyewe walishindwa kumjibu.

"Kaka, nikae eda ya mjane, ama ningoje mume wangu?"

Nikamwekea kipande kiganjani.

Akapitisha kidole juu ya fundo. "Aliyelifunga atalifungua," akasema, akakitundika kwenye msumari wa mlango. Hakukaa eda.

Niliwaendesha wakuu wengine, wa kiraia na wa magwanda, nikazeeka, nikastaafu. Kila Idi nilikwenda kumsalimu Hajati, naye aliniuliza tena kama usukani ulikuwa mzito kweli siku ile. Nilimwambia ulikuwa mzito, magurudumu bado yamefungwa kama mumewe alivyoyaacha. Aliridhika, mimi nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa vilevile.

Sasa naye tumemzika. Baada ya maziko wanawe walitaka kupaka mlango rangi, wakaniomba, kwa kuwa mimi ndiye niliyekileta kipande kile, nikiondoe na kulifungua fundo lile.  Nikawaambia wapake rangi kukizunguka.