Marehemu Aliyeuza Nyumba

Katika miaka ya hamsini, chuo kikuu kiliponirudisha nyumbani kwa sababu ya kufeli Kilatini, nilipata kazi ya ukarani na ukalimani kwa wakili mmoja wa Mbeya. Baba yangu, Mhehe wa Kihesa kule Iringa, alisema ni aibu mtu kusomeshwa vile kisha akawe wa kufungulia wengine mlango. Mama, ambaye alikuwa Mnyakyusa, alisema angalau mlango wenyewe uko Mbeya, na lugha aliyonifundisha haitaoza bure. Nilikwenda nimevaa tai. Baridi ya Juni ikanilazimisha kuvaa sweta juu yake, na tai hiyo hakuna aliyeiona tena.

Wakili alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye maneno machache. Serikali ilikuwa imempa idhini ya kuthibitisha hati na kuapisha watu, na kwa kazi hiyo alikuwa na muhuri wa chuma, kitu kama koleo, ambao uliing'ata karatasi na kuiachia duara lenye matuta. Asubuhi za baridi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusogeza kidau cha wino karibu na jiko la mkaa, kisha kujisogeza mimi mwenyewe.

"Karani," aliniambia nilipoanza, "watu wanadhani kazi yangu ni kugonga muhuri. Kazi yangu ni kukataa kuugonga."

Hakuthibitisha dole la mtu ambaye hakusimama mbele yake. Hakumshawishi mtu aape, hata kama kiapo kilikuwa cha faida kwa mtu huyo. Mambo ya mteja mmoja hakuyapeleka kwa mwingine. Na karatasi yenye manufaa kwake au kwa jamaa yake hakuigusa kabisa. Niliyaona mambo hayo kuwa mepesi. Mtu aliyeshindwa na Kilatini huona vingine vyote ni vyepesi.

Asubuhi moja waliingia wanaume wanne. Mmoja alivaa koti la jeshi lililomfikia magotini, na mkononi alishika hati ya kiwanja chenye nyumba kule Iyunga, kando ya barabara kuu. Wazee wawili walikuja kushuhudia kwamba yeye ndiye mwenyewe. Wa nne alikuwa mwenye duka aliyetaka kuinunua nyumba hiyo aifanye ghala. Nilimsalimia mwenye koti kwa jina nililoliona juu ya hati, akaitika vizuri kabisa.

Wakili hakumtazama mwenye koti. Alimtazama mwenye duka.

"Shemeji, mnunuzi ni wewe?"

"Ni mimi. Fanya haraka, lori langu linanguruma nje."

"Basi siwezi."

"Huwezi nini? Umesahau kuandika?"

"Mke wangu ni dada yako. Nyumba ikiwa yako, watoto wangu watacheza ndani yake. Tafuta mwingine."

Shemeji akawageukia wazee. "Mnaona? Tulidhani tumemwoza dada yetu kwa mtu, kumbe tumemwoza kwa sheria."

Mzee mmoja akaniuliza kwa Kinyakyusa, kwa huruma, kama bwana yule ni mgonjwa.

"Nendeni Iringa," Wakili alisema. "Yuko mwenzangu mwenye muhuri."

"Mpaka Iringa? Kwa kubandika dole tu?"

"Kwa kubandika dole tu."

Hati yenyewe hakuifungua. Kwake, kusoma karatasi ambayo hana ruhusa ya kuithibitisha kulikuwa sawa na kuchungulia dirisha la watu. Wakaondoka. Nilimwona kama shujaa, nikaazimia kuandika insha juu yake. Ile insha sikuiandika, nimeandika hii.

Kabla baridi haijaisha, akaja mama mmoja amebeba kufuli. Nilimsalimia.

"Ndaga, mwanangu," aliitikia. "Wameng'oa mlango. Nimebaki na hili."

"Nani kaung'oa?"

"Watu wa dukani. Wanasema mume wangu ameuza nyumba."

Ilikuwa nyumba ile ya Iyunga. Nilimtafsiria Wakili, naye akauliza huyo mume yuko wapi.

"Kaburini," alisema mama. "Aliumwa kifua akitoka migodini Chunya. Nimemzika mwenyewe."

Wakili alivua miwani. "Basi aliyekuja hapa na hati ni nani?"

Mama alinitazama mimi, kama mtu anavyomtazama mtoto wa nyumbani aliyepaswa kujua. "Mweleze, mwanangu. Ni mume wangu."

Nikaeleza. Kwa watu wa mama yangu, mwanamume mwenye mji akifa, jina lake haliachwi lilale. Msiba ukiisha ukoo humsimamisha mdogo wake mahali pake. Hupewa jina la marehemu, watoto humwita baba, na anaposimulia mambo ya marehemu husema "mimi". Mjane huwa mkewe. Mama huyu alikuwa mtu wa kanisa, akakataa kurithiwa na mdogo huyo, yule mwenye koti, nao wakamwacha akae peke yake Iyunga. Jina hakuwa na uwezo wa kulikataa. Halikuwa lake.

Kama shemeji wa Wakili alijua haya au hakujua, mpaka leo sijui.

"Ningeipokea hati ile," Wakili alisema polepole, "ningemuuliza habari za mkewe. Huwa nauliza."

Kisha akaeleza dawa. Mama aape kwamba mwenye hati amekufa, na kwa kiapo hicho mahakama inaweza kuvunja mauzo. Mama akanyoosha kidole gumba pale pale.

"Si kwangu," Wakili alisema. "Kiapo chako kinamgusa shemeji yangu. Siwezi kukipokea hata kikiwa kweli tupu. Karani atakupeleka Iringa."

Tulisafiri kwa basi, kufuli likiwa mapajani mwake. Tulilala Kihesa kwa wazazi wangu. Mama yangu alimpikia, wakaongea Kinyakyusa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mgeni wetu akicheka. Kisha mama yangu akamuuliza, "Watoto wanamwitaje yule aliyepewa jina?"

"Wanamwita baba."

Mama yangu akaanza kukusanya vyombo, ingawa tulikuwa hatujamaliza kula.

Asubuhi, kwa wakili wa Iringa, tulimkuta mwenye koti na wazee wake. Habari zilikuwa zimetutangulia. Alisimama, akampisha mama kiti.

"Mke wangu, barabara haikukuchosha?"

"Imenichosha," mama alijibu, akakaa.

Wakili wa Iringa alikuwa mtu mnene na mchangamfu. Nilimfungulia maneno kwa methali ya Kilatini kuhusu viapo, mojawapo ya mbili nilizobaki nazo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza mzee wa karibu, "Kijana huyu ni mgonjwa?" Mzee alijibu kwamba ofisini kwao wote wako hivyo.

Kisha akaacha kucheka. "Nilimuuliza huyu jina, akalitaja. Nilimuuliza nyumba aliijengaje, akanieleza mpaka mahali alipochimba udongo wa matofali. Wazee hawa waliapa kwa Biblia kwamba ndiye. Niambieni, nani alisema uwongo?"

Hakuna aliyekuwa amesema uwongo.

Aliandika kiapo kifupi, akanipa nimsomee mama kwa Kinyakyusa: mume wangu, mwenye hati hii, amekufa. Mama akabonyeza dole gumba kwenye kitambaa cha wino. Hapo mwenye koti akaniambia, bila hasira, "Mwambie akisema nimekufa, nimekufa. Sitagombana naye. Ila ng'ombe niliowapata kwa nyumba ile nimekwisha kuwapeleka mahari kwa wakwe wa kijana wetu. Ng'ombe wa mtu aliyekufa watarudishwa. Na kijana akienda kuposa tena, atasema yeye ni mwana wa nani?"

"Hao ng'ombe umewapeleka lini?" mama aliuliza.

"Mwanzo wa mwezi. Kijana mwenyewe aliwaswaga."

Mama alibaki na dole hewani, jeusi. Akaniomba nimuulize bwana yule mnene: mume wake akiwa hai kwenye karatasi, kijana anaoa?

"Anaoa," alisema wakili.

"Na akiwa amekufa?"

"Nyumba inarudi kwako. Hayo mengine hayamo kwenye sheria yangu." Akanigeukia. "Mwambie simsukumi. Nikimsukuma, kiapo kitakuwa changu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilikuwa mkalimani mzuri, hilo najisifia.

Mama alichukua pembe ya kanga yake, akafuta dole. "Basi yuko hai," alisema.

"Ndaga," alishukuru mwenye koti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponyoka.

Niliporudi Mbeya nilimsimulia Wakili. Aliuliza swali moja tu. "Mlimshawishi?"

"Hapana."

"Vizuri," alisema, akaufunika muhuri kwa kitambaa chake. Siku hiyo tuliwarudisha wateja wote. Nyumbani kwa shemeji yake, nilisikia, Wakili hakula tena, lakini mkewe aliendelea kwenda, na watoto wakaenda naye, wakacheza ghalani.

Chuo kikuu kilinisamehe baadaye. Katika mtihani mmoja tuliulizwa wajibu wa mthibitishaji wa hati na matendo aliyokatazwa. Niliyaandika yote, nikiwaza wale mawakili wawili ambao hawakuvunja hata sharti moja. Nilipata alama za juu kuliko wenzangu.

Mama yule alipanga chumba Mbalizi. Nilipita kumwona kabla sijaondoka kurudi chuoni, akanipa habari za mkwe wake, kwamba ni binti mpole na ana mimba. Tulipotoka nje alifunga mlango. Ulikuwa tayari na kufuli la mwenye nyumba. Akalifunga hilo, kisha akatia na lake, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika.