Tulivyomlilia Bwana Harusi Aliye Hai

Nishawahi kumlilia marehemu mpaka sauti ikakauka, kumbe marehemu mwenyewe yuko njiani anakuja kwangu na ng'ombe.

Msicheke. Ngojeni.

Miaka hiyo simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Sumbawanga. Sisi wa Pito ukitaka kupigiwa, unatoa namba ya Zenon, fundi simu wa Majengo.

Mjukuu wangu Rahel alikuwa amechumbiwa na Amos, kijana wa wafugaji wa Kisukuma kule Kaoze, bondeni. Mahari ije Jumamosi. Ulezi wa pombe nishauloweka.

Mshenga wao, mzee Shigela, akapiga. Nikaitwa kwa Zenon, nikapokea mimi. Simu inapasuka kama bisi kwenye sufuria.

"... amekufa ... tutaleta mwingine ..."

Ikakatika.

Nikapiga ukunga: "Jamani, amekufa!" Shigela akapiga tena. Wifi yangu Redempta akanipokonya. Yule mwanamke hata kifo anataka akisikie yeye kwanza! Akasikiliza, akaishusha simu, akashika kichwa.

"Wifi, Amos amekufa!"

Tukampigia Shigela, hapatikani. Kule mtu anapanda kilima kutafuta mtandao, akishuka ndiyo basi.

Nikalia. Njiani nikamwambia jirani yangu Leonia. Ukimwambia Leonia, umeutangazia mtaa mzima.

Rahel naye akalia vizuri tu, akapenga kamasi, akauliza:

"Bibi, huyo mwingine watakayemleta... ni mrefu?"

Nikamkata jicho.

Kesho yake asubuhi Redempta huyo mbio. "Wifi, hata sokoni wanasema Amos amekufa! Nimetafuta lori, twende Kaoze tukazike."

Hapo ndipo nikashtuka. Sokoni wamejuaje?

"Nani kakwambia?"

"Leonia."

"Leonia kaambiwa na mimi. Mimi nimeambiwa na wewe!"



Na sisi watu wa Sumbawanga tunavyosemwa nchi nzima kwa uchawi! Ushuke na lori la vilio kwa mtu mzima wa afya, utaeleza nini? Ndoa imekufa, na sisi tunaweza kufa nayo.

Nikamburuta mpaka kwa Zenon, nikamsimulia yote. Zenon akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

"Bibi, simu mpya zinazokuja zina wabishi wawili ndani. Ujumbe unafungwa mara mbili, kwa mpangilio tofauti, maana njiani lazima utoboke. Kila mbishi anasoma fungu lake, anamwambia mwenzake: hapa nina hakika, hapa nakisia. Mwenzake anajaza, anarudisha. Wanazunguka hivyo mpaka matobo yanaisha."

"Sasa sisi tumekosea wapi?"

"Mwiko ni mmoja: usimrudishie mwenzako alichokwambia yeye. Mpe kipya tu. La sivyo anasikia sauti yake mwenyewe, anadhani ni shahidi."

Nikamgeukia Redempta. "Haya, mbishi. Acha ulichokisia. Masikio yako yalisikia nini?"

"Dume... kisha pakakatika. Halafu 'Amos anasema msihofu'."

"Marehemu anasema?"

Nikamsogelea.

"Wifi, mimi nilisikia amekufa, tutaleta mwingine. Wewe dume, na Amos anasema. Nani amekufa?"

Akafikiri. Nikaona uso wake unafunguka polepole.

"Dume wa mahari!"

"Na huyo mwingine?"

"Dume mwingine! Mungu wangu, wifi, mwambie Rahel aache kuuliza urefu."

Lori tukalirudisha. Leonia tukamtuma akatangaze ufufuko, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote.

Jumamosi Amos akafika, dume wake nyuma, amenona. Watu wakawa wanamgusagusa mabega kuhakikisha. Habari zikamfikia, akaja kuchuchumaa kando yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Eti, nilipokufa, Rahel alilia?"

Rahel anaangalia vidole vya miguu. Redempta kajifunika kanga, mabega yanatikisika.

Nikamtazama kijana wa watu. Mfupi, masikini, ila mzuri.

"Mume wangu," nikamwambia, "siku ile mtandao ulikuwa unakatakata. Hatukusikia vizuri."

Basi, wajukuu zangu mnaosoma hapa, mtu akikuletea habari unayoijua tayari, usimshangilie kuwa kathibitisha. Muulize kaitoa wapi. Huenda ni ya kwako mwenyewe, imezunguka mtaa, imerudi imevaa kanga mpya.