Lozi Mwitu za Jabal Akhdhar

Joto la Al Khoudh lilipozidi, Bi Zuwena aligoma kula. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Unguja, ninayemtunza hapa Maskati. Wali anarudisha, chai anarudisha. Mwanawe Nasser akaamua tumpeleke kwenye baridi, mlimani Jabal Akhdhar, kwa binamu yake Shamsa, huenda hamu ikarudi. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Tanga, sikwenda kutalii. Nilikwenda na roho juu, nikitaka jambo moja tu: bibi huyu ale kitu.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Rusayl tuliyapita malori yaliyojipanga kuingia viwandani, kisha milima mikavu ikatuzunguka. Chini ya mlima askari walikagua kama gari letu linavuta kwa magurudumu yote manne. Bila hivyo hupandi. Kona za huko juu zilinitoa jasho. Bi Zuwena alifumba macho njia nzima.

Saa nne tulifika. Bi Shamsa hajapata kuishi Unguja, Kiswahili chake ni "karibu" tu. Alitutengea kahawa na tende. Bi Zuwena aliishika tende moja, akairudisha sahanini. Nikamtoa nje apunge upepo.

Nyuma ya nyumba, kwenye mawe, palikuwa na kichaka cha vijiti vya kijani, karibu hakina majani, kama ufagio uliosimikwa. Chini yake kokwa zimetapakaa. Bibi akachangamka ghafla.

"Mwanaidi, si kungu hizi? Kwetu tukizivunja kwa jiwe!"

Nani wa pwani asiyejua kuvunja kungu? Nilipiga magoti, nikavunja, nikampa kiini kimoja kimoja. Sikuonja hata kimoja, maana mkubwa hatanguliwi kula.

"Tamu, Bibi?"

"Tamu, mwanangu."

Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikaendelea kuvunja. Maganda niliyafunga kwenye pindo la kanga nisichafue uwanja wa watu.

Bi Shamsa alipotoka na kuona jiwe mkononi mwangu, alipiga ukelele. Nasser alikuja mbio, akamsikiliza, akatutafsiria: ni lozi mwitu, wenyewe huziita mizi, na kiini chake kibichi kina sumu.

Saa tano na nusu tulikuwa kwenye barabara ya vumbi, tukikimbilia hospitali ndogo ya mlimani. Kichwa cha Bibi kilikuwa begani kwangu.

"Si nyingi," alisema.

"Mama, nyamaza, upumue," alisema Nasser.

"Nnakwambia si nyingi."

Hatukumwamini. Mkono wake ulikuwa wa baridi, au labda wangu ndio uliokuwa wa baridi. Nilimwombea kwa Mungu na, nisiwafiche, nilijiombea na mimi. Nilijiona nimerudishwa Tanga kwa aibu, mtu aliyemlisha bibi wa watu sumu kwa mkono wake mwenyewe.

Daktari aliuliza amekula ngapi. Ulimi wangu ulitaka kusema tatu. Nikafungua pindo la kanga, nikapanga maganda mezani, nusu kwa nusu, Nasser akinitazama.

"Kumi na moja," nikasema. "Mimi ndiye niliyemvunjia."

Bi Zuwena akashusha pumzi, akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na viini tisa.

"Nimekula viwili tu. Vichungu kama shubiri! Lakini mtoto huyu hajacheka wiki nzima kwa sababu yangu. Leo anacheka, nimwambie nini?"

Nililia palepale mbele ya daktari.

Walimwangalia hadi alasiri, wakaturuhusu. Al Khoudh tuliingia giza likianza kutanda. Nikampikia uji wa mchele, na kabla sijamkabidhi bakuli akauliza, "Umeonja?" Nikaonja mbele yake. Akaumaliza wote.

Nilichojifunza ni kuonja kwanza, hata pale adabu inaponizuia. Na siku hizi Bibi akiniambia chakula ni kitamu, namwambia afungue leso.