Kasha la Tambuu Juu ya Hita

Mimi nina kiherehere, sikatai. Kazi ya kutunza wazee imenifunza subira kidogo tu, na hiyo kidogo ilinitoka siku nilipoliosha kasha la Bibi.

Bibi alikuwa Mburma, mjane, akiishi peke yake Tooting, London. Alipotoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga alikataa katakata kushuka kitandani. Mfupa umeunga, daktari kasema atembee, yeye uso ukutani. Mwanawe alishanieleza: afisa wa kaunsili atakuja Ijumaa, na akimkuta hawezi kufika jikoni mwenyewe, atapelekwa nyumba ya wazee. Niliumia sana. Nilikuwa nimempenda yule mama, na ukali wake wote.

Kasha lenyewe lilikaa kwenye meza ya jikoni: la duara, jekundu, limechorwa vijitu vyembamba vinavyocheza. Nilipolifunua tu, harufu ya chokaa na popoo ikanipiga. Ala! Kasha la tambuu, hapa London? Ndani mlikuwa na visinia viwili, kimoja juu ya kingine. Meno ya Bibi yalishakataa tambuu, kwa hiyo siku hizi alitia humo dawa, miwani na vifungo.

Nikataka kumfurahisha. Kwetu Mombasa vyombo vya tambuu vya nyanya yangu vilikuwa vya shaba. Kila Alhamisi sisi wasichana tulivisugua kwa ndimu, tukavimwagia maji ya moto, tukavianika juani. Basi nami nikafanya vivyo hivyo. Jua la London mnalijua. Kisinia cha juu nikakianika kwenye hita ya kupasha chumba joto.

Haukupita muda nikasikia ta! Kisinia kimejikunja, rangi imepasuka, na chini yake naona mianzi iliyosukwa. Kumbe si shaba wala si mbao. Ni kikapu kilichopakwa utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka. Nilifikiria kukificha, wallahi nilifikiria. Kisha nikaenda mlangoni pa chumba chake nikamwambia yote, ndimu na hita.

"Umefanya nini?"

Akageuka. Akatupa blanketi. Kabla sijamfikia, ameshasimama, kashika fremu yake ya kutembelea, anakuja, ananitukana Kiburma hatua kwa hatua mpaka jikoni. Akaketi, akakipapasa kile kisinia.

"Cha mama yangu," akasema.

Nikalia. Akaniacha nilie, halafu akanifundisha: kitambaa chenye unyevu kidogo, basi, na mbali na moto.

Kesho yake, hata koti sijavua, nasikia fremu inagonga sakafu. Anakuja kuhakikisha sijaligusa kasha. Keshokutwa yake vilevile, na safari hii akadai uji akiwa pale pale mezani. Nikampikia, moyo unanidunda kwa furaha, nikajitia hamnazo.

Ijumaa afisa alimkuta jikoni, nywele zimechanwa, analifuta kasha lake. Akamuuliza maswali mengi, kisha kwa upole akamwambia kwamba kule kwenye nyumba ya wazee angepikiwa, angefuliwa, asingehitaji kuinuka kabisa.

Bibi akaninyooshea kidole.

"Na vyombo vyangu nimwachie huyu?"

Afisa akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Alipoiokota, aliandika kwamba abaki kwake.