Mitindo Iliyokuja kwa Miguu

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilishuka Makambako asubuhi nikawa nasubiri gari la kwenda Njombe. Kama umewahi kupita kule miezi hiyo, huna haja ya kuelezwa baridi yake. Inaingilia kwenye soli ya kiatu na kupanda mpaka kwenye meno. Nilijibanza kwenye kibanda cha chai, nimekikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Mbele yangu walisimama wasichana waliovaa jinzi zilizochanwa magotini na viatu vyeupe visivyo na doa. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi langu aliwatazama, akasonya.

"Wanaiga tu hawa," akaniambia. "Baridi yote hii, magoti nje. Kwa faida gani?"

Nilijikuta nacheka peke yangu, kwa sababu swali lake nililisikia nikiwa mtoto kule Kichiwa, kila mtu akiuliza kuhusu shangazi yangu.

Shangazi alikuwa kitindamimba wa bibi, mdogo wake baba. Alifanya kazi Makambako kwenye mgahawa wa mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka Kondoa, jirani na kituo cha mabasi. Alikuwa akikaanga maandazi alfajiri, kisha siku nzima anapeleka chai kwa madereva na abiria. Pale ndipo barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, na treni inayotoka Zambia nayo inasimama pale. Kwa hiyo mtindo wowote uliokuwa safarini kwenda popote ulipita kwanza mbele ya macho ya shangazi. Watu wa Njombe mjini waliuona baadaye. Sisi wa Kichiwa tungeuona mwisho kabisa, au tusiuone, kama si yeye.

Jumamosi nyingi jioni, lori lililokuja kuchukua viazi lilimshusha barabarani. Tulikuwa tunalisikia linavyohangaika kwenye kilima, tunaacha nguruwe hawajala, tunakimbia kupita kwenye mianzi hadi barabarani. Hatukukimbilia mkate aliotuletea, ingawa mkate tuliupenda. Tulitaka kuona amevaaje. Alishuka taratibu kama mtu anayejua anatazamwa, ananukia sabuni ya mjini na mafuta ya maandazi kwa pamoja, na kabla hatujamwamkia alijigeuza kidogo, mbele na nyuma, tumwone vizuri. Kisha ndiyo anatukumbatia.

Bibi alimpenda sana, lakini alimwonea aibu. Bibi alikuwa mwanamke wa kanisa, mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya ya akina mama. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume, na wimbo ukianza kwake hata waliosinzia waliamka. Baba naye alikuwa mzee wa kanisa. Sasa fikiria mwenyewe nyumba kama hiyo, halafu lori linasimama na shangazi anashuka amevaa suruali.

Ilikuwa msimu wa kuchimba viazi, na alikuwa ameomba ruhusa aje kusaidia. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko anamenya viazi vya jioni. Alimtazama kuanzia miguuni, polepole, kisu kimesimama mkononi.

"Kaka zako wamekufa, mpaka urithi suruali zao?"

"Wazima wote, mama. Hii ni yangu mwenyewe."

"Na hiyo miguu unampelekea nani?"

"Naipeleka shambani. Si mlisema viazi vinaoza?"

Jirani yetu, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya bonde, alikuja kuomba moto, akaiona ile suruali, akasahau moto. Alicheka huku ameshika nguzo ya jiko. Baba aliporudi hakucheka. Alisema neno moja tu, kwamba kanisani haitaingia. Shangazi akajibu, "Sawa, kaka," na Jumapili akavaa sketi yake ndefu, akaimba kama wengine. Hakuwa mtu wa kugombana kwa ajili ya nguo. Alizivaa tu, akaziacha zijisemee.

Jumatatu tukaenda shambani. Ukungu ulikuwa umelala chini, majani yamelowa umande kama yamemwagiwa maji. Mama na jirani walichimba huku pindo za magauni yao zimeloa na kuwagonga kwenye vigimbi, baridi kama chuma. Shangazi alichimba mbele yao, suruali ameichomeka kwenye mabuti ya mpira, anaimba. Saa ya kula, tumekaa tunabandua maganda ya viazi vya kuchoma kwenye majivu, nilimsikia mama akimwuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, hiyo inashika joto kweli?"

"Kama umelala na mume," shangazi akasema, na mama akamrushia ganda la kiazi.

Baridi iliyofuata, mama alikuwa anavaa suruali kuukuu ya baba ndani ya gauni kila asubuhi. Jirani naye hivyo hivyo. Mpaka leo ukipita vijiji vile mwezi wa sita utawakuta akina mama wamevaa gauni juu, suruali chini, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu alichekwa kwanza.

Sitaki kukudanganya kwamba alipatia kila mara. Kuna wakati alinyoa nyusi zote akachora nyingine kwa wanja, mvua ikamnyeshea njiani, akafika nyumbani uso wake ukiwa umeshangaa upande mmoja. Kuna viatu vya mchuchumio vilivyonasa kwenye tope ikabidi tuvichimbue kwa jembe. Kuna dawa ya nywele iliyomuunguza kichwa akalala kifudifudi siku kadhaa. Kila mara alilia kidogo, akacheka zaidi, na Jumamosi nyingine akaja na jipya. Mimi niliyekuwa msichana mwembamba, mwoga, wa kujificha nyuma ya mama, nilimtazama nikaona kuna namna ya kuishi bila kuogopa kuchekwa. Hiyo sikufundishwa shuleni.

Kisha bibi akaugua.

Ilianza kama homa ya kawaida, lakini ikakataa kuondoka. Baba alimpeleka hospitali ya Ilembula, akalazwa huko muda mrefu, mama akawa anakwenda na kurudi na vyungu vya uji. Alipona, tukashukuru Mungu. Lakini aliporudi nyumbani nywele zake zilianza kutoka. Zilibaki kwenye mto, zilibaki kwenye shali, mpaka kichwa kikabaki na mabaka mabaka tu. Bibi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kujishughulisha na uzuri, alijificha. Alijifunika shali kuukuu hadi kwenye macho, akahamia jikoni karibu na moto, akawa hataki kutoka.

Jumapili ya kwanza tulisema bado ana udhaifu. Zikapita nyingine. Kwaya ilianza nyimbo vibaya, mara juu mno, mara chini mno, na watu wakawa wanatazama nafasi yake kwenye benchi. Mwinjilisti alikuja kumwombea, akaomba amesimama uani, maana bibi alikataa kumfungulia mlango wa jiko. Mama alimfumia kofia ya sufu, hakuivaa. Baba alimwambia kwamba Mungu hatazami nywele. Bibi akamjibu kutoka gizani, "Mungu hatazami. Majirani je?"

Alikula kidogo, kisha kidogo zaidi. Nilikuwa nalala naye, na nilijua kwamba hata ule wimbo wake wa kuwashia moto alfajiri alikuwa ameuacha.

Shangazi alikuja Jumamosi, akaingia jikoni, akakaa naye bila kusema mengi. Kesho yake aliondoka mapema. Nilikasirika moyoni, nikaona amekimbia.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na kitambaa cha kitenge, cha bluu iliyokoza chenye maua makubwa ya njano, kipana, kigumu, bado kinanukia duka. Alitusimulia alivyofanya. Wakati wote ule, akipeleka chai stesheni, alikuwa amewaona akina mama wa Zambia wanaoshuka kunyoosha miguu, vichwani wamefunga vilemba vilivyosimama kama minara. Safari hii alimfuata mmoja, akamwomba amfundishe. Hawakuelewana lugha vizuri. Yule mama alifungua kilemba chake palepale kwenye jukwaa la treni, akakifunga upya polepole, akakifungua tena, akamkabidhi shangazi ajaribu kichwani mwake mwenyewe, mpaka filimbi ikapigwa.

Shangazi alipiga magoti mbele ya bibi.

"Mama, nipe kichwa chako."

"Kichwa changu hakina kitu."

"Ndiyo maana nakitaka. Chenye nywele kinasumbua, kitambaa kinateleza."

Bibi akaliachia shali. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mimi na mama kukiona kile kichwa kwenye mwanga, na nakumbuka mama alijifanya anachochea kuni. Shangazi hakugeuza macho. Alikipaka mafuta taratibu kwa viganja, kama anavyopakwa mtoto mchanga, kisha akaanza: akazungusha, akavuta, akakunja, pini mdomoni, akakosea, akafungua, akaanza tena. Alipomaliza alimletea kipande cha kioo.

Bibi alijitazama muda mrefu. Akageuza shingo huku, akageuza kule.

"Huyu mama ni wa wapi?" akauliza.

"Wa mjini," shangazi akasema.

Bibi akacheka. Kicheko kile kilitoka kikiwa na kutu, lakini kilitoka.

Jumapili ile tulitembea naye kwenda kanisani, shangazi kulia, mama kushoto, mimi nyuma nimebeba kitabu chake cha nyimbo. Nilimwona jirani yetu mwenye kicheko amesimama kwenye njia panda, na nikajua kwamba akicheka, bibi atageuka arudi, na safari hii hatatoka tena.

Jirani alitutazama tulivyokuwa tunakuja. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Kamwene, mama," akasalimia mwishowe. "Na hicho ndiyo nini sasa?"

Bibi hakupunguza mwendo. Akainua kidevu, akasema kwa utulivu kabisa, "Ndiyo wanavyovaa siku hizi. Kwani wewe hujasikia?"

Shangazi aliminya mkono wa bibi, nikaona. Jirani akaingia nyuma yetu kimya, na njia nzima hakuondoa macho kwenye kile kilemba. Ndani ya kanisa bibi alikwenda moja kwa moja kwenye nafasi yake. Wimbo wa kwanza aliuanzisha yeye. Sauti ilitetemeka kwenye mstari wa mwanzo, kisha ikakaa, na mimi nikamwona baba, upande wa wanaume, ameinamisha kichwa kana kwamba anaomba, lakini alikuwa anafuta macho kwa ukingo wa koti.

Baada ya ibada akina mama walimzunguka shangazi. Jirani alikuwa wa kwanza. Hadi jioni shangazi alikuwa amekaa uani kwetu anafunga vichwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kanga, kwa vitenge, kwa shuka hata. Wiki chache baadaye, kanisani, sisi watoto tuliokaa nyuma hatukumwona tena mwinjilisti. Tulisikia sauti tu ikitoka nyuma ya minara. Baba, mzee wa kanisa, alilalamika mezani kwamba sasa imezidi. Kisha akajikohoza, akamwuliza dada yake kama kola pana za mashati bado zinavaliwa huko mjini.

Nywele za bibi ziliota tena, fupi, nyeupe tupu. Kilemba hakukiacha. Ulipofika wakati shangazi akamwambia kwamba mtindo ule umeshapita, mjini sasa wanafunga kwa namna nyingine, bibi alimjibu, "Umepita kwenu. Huku bado unapanda mlima." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mlima wake hakuumaliza.

Watu hupenda kusema kwamba anayefuata mitindo ni mwepesi, hana lake, anabebwa na upepo. Labda wapo. Mimi ninapofikiria nani alikuwa na macho ya kuona bibi anakufa kwa aibu na si kwa homa, namwona yule aliyekuwa kila siku anatazama watu wamevaaje. Sisi wengine tulikuwa tunatazama mioyo, na moyo wa bibi hatukuuona.

Shangazi sasa ni mtu mzima, anaishi Makambako, magoti yanamsumbua. Nilimpitia siku ile ile ya kibanda cha chai, kabla gari halijaondoka. Nilimkuta amevaa gauni la kawaida na sweta, nikamtania kwamba amestaafu. Akasema siku hizi mitindo inakuja kwa simu, inafika Kichiwa na Dar wakati mmoja, na kabla hajaishika imeshaondoka. Hakusema kwa kulalamika. Binti yangu naye anaifuata hiyo hiyo ya simu, na anapendeza, simkatazi.

Kijiji nacho kimebadilika. Lile shamba la viazi sasa ni maparachichi kwa mistari. Jumapili niliyokuwa huko niliingia kanisani nikaona vilemba vimerudi, vizuri kweli, virefu kuliko vya zamani. Niliyekaa naye aliniambia vinauzwa sokoni vikiwa vimeshashonwa. Unavitia kichwani kama kofia, mwenyewe, chumbani kwako, umemaliza. Nilimsifia, akafurahi. Kisha nyimbo zikaanza, nami nikawa nawaza kwamba katika vichwa vyote vile vilivyopendeza, hakuna hata kimoja kilichohitaji kushikwa na mikono ya mtu.