Siku Nilipoazima Viti vya Parokia

Nichekeni tu, hata mimi nimeshajicheka. Tribinali, yaani mahakama, iliamua binti yetu Mwadi akae nami likizo kubwa. Mama yake, tuliyeachana naye, anaishi kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji. Akanipigia simu kwa ukali: "Nitakuya kwanza kuangaria fasi mutoto atalala!"

Nyumbani nina kigoda kimoja. Kwa kiburi changu nikaazima viti vya parokia na bashi, turubai la kukinga jua, nikavipanga mbele ya nyumba aone mtu mwenye heshima, kisha nikajifungia ndani kusugua sakafu.

Jirani akaingia chini ya bashi, akavua kofia, akaketi kimya. Nikamchungulia, nikafurahi: viti vinavuta watu! Wakaja wengine. Akina mama wakaanza kulia, nikadhani wamegombana. Sikukumbuka kwamba hapa Kamina bashi na viti mbele ya nyumba ni kilio, yaani kuna aliyekufa. Na nyumba hiyo naishi peke yangu.

Pikipiki ikasimama. Mama Mwadi akajitupa chini. "Baba Mwadi! Ulikuwa bwana muzuri! Ku tribinali nilikusemea uongo!"

Hapo nikaelewa. Lakini badala ya kutoka nikatega sikio mlangoni, maana sifa hizo sikuzisikia hata tulipokuwa mume na mke. Nikaegemea zaidi, mlango ukafunguka, nikaangukia nje na ndoo yangu.

Mama Mwadi akapangusa machozi, akanitazama nilivyolowa.

"Kumbe weye njo weye wa siku zote," akasema. "Ata kufa inakushinda."